Safari ya Ujiji Kuomba Jina la Mtoto

Wenzangu wa darasa la kisomo hapa Mtendeni mmeniuliza yaliyonikuta njiani, na kila mmoja nimemjibu kipande. Mmoja anajua habari za chai ya chumvi tu, mwingine anajua za msiba ambao haukuwa msiba, na mwingine anaamini nilikwenda Ujiji kununua mawese. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Mkiweza kuyasoma bila kumtazama mwalimu usoni, basi na kisomo chenyewe kitakuwa kimefaulu.

Kwa nini nilisafiri

Kaka yangu Hamisi, fundi seremala, alipata mtoto wa kike, wa kwanza. Mkewe, wifi yangu Salama, mtu wa Sikonge, alijifungua bila taabu. Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, ikafika. Mbuzi wa akika alikuwa amefungwa uani, sheikh wa mtaa ameshaambiwa, mchele umechambuliwa. Asubuhi hiyo ikaja barua ya bibi yetu kutoka Ujiji. Ilikuwa fupi, kwa sababu Bibi hajui kuandika na hamwamini yeyote anayemwandikia. Ilisema salamu, ikasema ng'ombe wa jirani amekufa, kisha ikasema mtoto ni Mtumwa, kama Hamisi alivyoahidi.

Niwaeleze. Bibi Tatu ndiye aliyetulea mimi na Hamisi baada ya mama yetu kufariki. Mama yake yeye Bibi aliitwa Mtumwa. Hamisi, akiwa na miaka kumi hivi, alimwahidi Bibi kwamba binti yake wa kwanza atachukua jina hilo. Siku hiyo alikuwa ameshiba samaki, na mtoto aliyeshiba hafikiri mbali.

Salama alisikiliza barua, akaomba isomwe mara ya pili, kisha akasema hapana. Hakupandisha sauti.

"Nchi imepata uhuru," alisema, "halafu mimi nizae mtumwa?"

Akaongeza kwamba mtoto akiitwa hivyo, siku ya arobaini atakapotoka ndani hatapita sebuleni kupokea wageni. Atapitia mlango wa uani, mtoto mgongoni, mpaka kwao Sikonge. Sisi tunaomjua Salama tulianza kuhesabu siku.

Mbuzi akafunguliwa. Siku ya kumi na nne ikapita, ya ishirini na moja ikapita. Mbuzi akanenepa. Mtoto akawa anaitwa "huyu." Balozi wa nyumba kumi alikuja kutoa maoni yake kwamba jina hilo halifai kwa raia wa nchi huru. Tulipomwuliza balozi huyo Bibi ataambiwa nini, alisema Bibi hayumo katika nyumba zake kumi.

Ilibidi mtu aende Ujiji kumwomba Bibi abadili. Hamisi alisema hawezi kwa sababu ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kabati moja. Nikaondoka mimi, shangazi wa mtoto, siku ya ishirini na sita, na hotuba niliyoitayarisha kichwani, yenye sehemu tatu.

Tabora mpaka Kaliua

Treni iliyotakiwa kuondoka asubuhi iliondoka alasiri. Katika chumba cha wanawake nilimkuta mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa pale mjini, akienda Kigoma kumwona binti yake. Alikuwa ameketi wima, na kikapu cha chakula mapajani.

Mkagua tiketi akaja na orodha yake. Akasema kuna Asha mmoja katika chumba hiki. Mimi nikasema ni mimi. Yule mama naye akasema ni yeye. Mkagua tiketi akatutazama kwa zamu. Alianza na "Ndugu zangu," kisha akatuambia kwamba jina lilikuwa limeandikwa mara mbili, naye akalifuta moja akidhani ni makosa ya karani, na kitanda kile ameshampa mama mwenye kuku. Akauliza nani kati yetu ni Asha wa kweli. Nikamwambia Asha ni mimi, Mwislamu, jina la mke wa Mtume. Yule mama akasema ameitwa Asha kabla mimi sijazaliwa. Mkagua tiketi akafikiri, akasema tukae wote kwenye kitanda kimoja mpaka afikie uamuzi. Hakurudi tena.

Tulikwenda hivyo mpaka Usoke. Kisha yule mama akanifungulia kikapu: chapati laini, viazi vya bizari, achari ya ndimu. Mimi nikafungua changu, nikamkaribisha kuku wa kukaanga. Akanishukuru na kusogea kidogo. Nikadhani ameona paja ni dogo, nikampa kidari. Akasogea tena. Alipofika dirishani, hana pa kusogea tena, ndipo aliponiambia kwa upole kwamba wao hawali kitu kilichokuwa na macho. Nikafunika kuku, nikala viazi vyake. Vilikuwa vitamu kuliko kuku wangu, nami sikumwambia.

Ndipo tukaulizana majina. Mimi nilifundishwa chuoni kwamba Asha ni Aisha, maana yake aliye hai. Yeye akasema kwa Kigujarati Asha ni tumaini. Nikasema ni jina zuri. Akasema ndiyo, ila yeye alizaliwa binti wa nne, na tumaini lililokusudiwa lilikuwa la mtoto wa kiume atakayefuata.

"Alifuata?" nikauliza.

"Alifuata binti wa tano," akasema, akanipa chapati nyingine.

Nilimweleza habari ya safari yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishangaa. Alisema kwao mtoto hupewa jina siku ya sita, na anayelitoa ni shangazi, dada wa baba. Si bibi, si babu, si baba mwenyewe. Kwa hiyo, alivyoona yeye, mimi niliyekuwa nimepanda treni kwenda kuomba jina ndiye mwenye jina, na ningeweza kushuka Urambo nikarudi nyumbani. Nililiwaza jambo hilo kwa stesheni mbili nzima. Lakini Bibi Tatu si Mgujarati, na sikuona namna ya kumweleza.

Kaliua treni ilisimama. Walisema behewa la mizigo limeacha reli huko mbele. Abiria wakashuka, wakatandika khanga kando ya reli, na wenyeji wakaja na karanga, viazi na asali ya msituni. Nilinunua asali kwa mama mmoja Mnyamwezi aliyekuwa na binti wa miaka sita hivi. Alimwita Kabula. Dakika chache baadaye akamwita Mwamvua. Nikatafuta mtoto wa pili, sikumwona. Yule mama akanieleza kwamba ni huyo huyo mmoja: alizaliwa mvua ikinyesha, basi nyumbani kwa Kinyamwezi ni Kabula, na chuoni kwa maalimu ni Mwamvua. Nikamwuliza mtoto yeye anapenda lipi. Akasema akiitwa kula huitika yote mawili.

Uvinza

Kesho yake tulifika Uvinza, na hapo tukaambiwa treni haiendi mbele mpaka reli itengenezwe. Nikamuuliza mkuu wa stesheni itachukua muda gani. Alisema kazi inaendelea. Nikamwuliza tena baada ya chakula cha mchana, akasema bado inaendelea. Mama Asha wa duka la vitambaa alichukuliwa na jamaa zake waliokuja na gari lililojaa mpaka mlangoni. Aliniaga kwa kunipa chupa ya achari, akaniambia nikumbuke habari ya shangazi.

Uvinza ni mji wa chumvi tangu zamani za misafara. Nilikwenda hoteli ndogo karibu na stesheni, nikaagiza chai. Ilikuja chai ya maziwa yenye chumvi nyingi. Nikafikiri: kila mji una desturi yake, nami ni mgeni. Nikainywa yote. Mwenye hoteli aliponiona nimemaliza, akaniletea kikombe cha pili bila kuombwa. Nikanywa na hicho. Ndipo alipokuja mkewe kutoka jikoni, uso umemwiva kwa aibu, akaomba radhi kwamba amechanganya makopo, na kwamba wateja wengine wote wamerudisha. Mumewe akamwambia, "Huyu amependa." Nilishinda siku nzima nikinywa maji.

Juu ya lori la chumvi

Siku ya tatu nilipata lori linalopeleka chumvi Kigoma. Dereva, mzee mwembamba aitwaye Feruzi, alinipa nafasi mbele, pembeni yake. Alikuwa amechoka. Wiki zote zilizopita, alisema, kazi yake ilikuwa kuhamisha watu na vyombo vyao kwenda vijiji vipya vya Ujamaa, na chumvi ni abiria mzuri kwa sababu haiulizi ni wapi inapelekwa.

Barabara ilikuwa mbovu, na mazungumzo yetu yalikuja vipande vipande, baina ya shimo na shimo. Alisema ana mabinti saba. Wa kwanza ni Mwajuma, kwa sababu ya Ijumaa. Wa pili ni Saumu, alizaliwa Ramadhani. Watoto wenzake wanamwita kitunguu. Wa tatu ni Subira. Wa nne ni Sikudhani. Wa tano ni Sikujua. Wa sita alimwita Tosha. Wa saba ni Ziada.

Nikamweleza habari ya mtoto wetu na jina linalogombewa. Lori lilipanda mlima, likashuka, ndipo alipojibu.

"Na mimi jina langu ni la kitumwa," alisema.

Nikamwambia nijuavyo feruzi ni jiwe la thamani. Akasema ndiyo hivyo hasa. Babu yake alikuwa mtumwa wa tajiri mmoja wa Tabora, na matajiri wale walipenda kuwaita watumwa wao majina ya vito: Feruzi, Almasi, Marijani. Kama mtu anavyotaja mali yake. Babu akamwachia mjukuu jina hilo, na hakuna balozi yeyote aliyewahi kumjia kusema halifai kwa raia.

"Linasikika vizuri, basi wananiachia," alisema. "La mama wa bibi yenu limesema kweli tu."

Sehemu ya kwanza ya hotuba yangu ilihusu jambo hilo la kufaa na kutofaa kwa raia. Niliifuta hapo hapo.

Ujiji

Sasa niwaeleze msiba. Lori lilinishusha Ujiji karibu na kwa Bibi baada ya adhuhuri. Vumbi la chumvi lilikuwa limeniingia machoni toka Uvinza, macho yamekuwa mekundu na yanatiririka. Khanga nimejifunga kiunoni. Nimekuja peke yangu, bila barua. Jirani mmoja wa Bibi alinitazama nikishuka, akaacha ndoo yake kisimani na kukimbia mbele yangu.

Nilipofika mlangoni, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wameketi vichwa vimefunikwa, na wengine wanaingia. Katikati yao alikuwa Bibi, mdogo kuliko nilivyomwacha, mikono juu ya magoti. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ni Hamisi au ni mtoto?"

Nikasema, "Shikamoo, Bibi. Wote wazima."

Hakuna aliyeniamini. Anayeleta habari mbaya kutoka mbali huanza hivyo hivyo. Mwanamke mmoja akanishika mkono, akaniambia nikae kwanza, nitasema nikipata nguvu. Nikasema ni chumvi. Akasema ndiyo, mwanangu, ni chumvi, akanipangusa uso. Uani wanaume walikuwa wameanza kukusanyika, na mzee mmoja alikuwa ameshafika katikati ya Yasini. Nilirudia habari ya lori, na Uvinza, na macho, mpaka karibu na alasiri, ndipo Bibi aliponisogelea, akaninusa kichwani, akatangaza kwamba kweli huyu ananuka chumvi na hakuna aliyekufa. Yule mzee wa Yasini aliombwa aache. Alisema atamaliza kwanza, haifai kukata katikati. Na kwa kuwa sufuria zilikuwa zimeshapanda motoni, watu walikula wali na maharage, wakanipa pole ya safari, wakaondoka. Wengine, nafikiri, walikuwa na kinyongo kidogo.

Siku ya pili asubuhi Bibi aliketi kwenye kibao cha kukunia nazi akipara migebuka, samaki wa ziwani, nami nikaketi mbele yake. Alijua.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa, Bibi."

"Basi mtumwa ni wewe."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikaanza sehemu ya pili ya hotuba, ile ya heshima. Aliniacha niseme maneno kama manne, kisha akaniuliza kama nimewahi kuelezwa mama yake alikuwa nani. Nikasema alikuwa mama yake. Akasema naam, na kabla ya hapo?

Sikuwahi kuelezwa. Hata Hamisi hajawahi. Akanieleza akiendelea na samaki wake. Mama yake aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema, akiwa mtoto wa kubebwa na kutembea kwa zamu. Msafara ulipovuka mpaka Ujiji alikuwa ana homa. Wenzake waliendelea kwa miguu kuelekea Tabora na pwani, yeye akaachwa kwa sababu asingefika, na nyumba moja ikamchukua. Hakujua jina lake. Alikuwa mdogo mno, au homa ililifuta, hakuna ajuaye. Katika nyumba ile wakamwita kile alichokuwa.

Baadaye akawa huru, akaolewa, akazaa watatu, akabaki na huyu Tatu mmoja. Watu wema wakamwambia sasa badili jina. Sheikh wa wakati huo alimletea Mariamu, akamletea Rehema, akamletea Zuhura, akamfafanulia maana ya kila moja. Akakataa yote.

"Kwa nini?" nikamwuliza Bibi.

"Alisema jina lake analo mama yake. Akichukua lingine zuri, ni kama amekubali kwamba lile halitarudi."

Bibi akaweka kisu chini. Alisema mama yake alikufa akiwa na jina hilo hilo la kushikizwa, na tangu afe hakuna anayelitamka, kwa kuwa watu wanaona haya kwa niaba yake. Wajukuu na vitukuu wameitwa Fatuma, wameitwa Zaituni. "Mimi nikifa," alisema, "nani atajua kama alikuwepo?"

Sehemu ya tatu ya hotuba sikuisema, na sasa hata siikumbuki. Badala yake nilimweleza maneno ya Salama kama Salama alivyoyasema, pamoja na mlango wa uani. Nilijua Bibi atakasirika. Alimaliza samaki wawili waliobaki, akanawa.

"Huyo mwanamke anasema kweli," alisema. Kisha akasema, "Na mimi nasema kweli. Nitakwenda mwenyewe."

Kurudi

Bibi alichukua siku tano kufunga mizigo: kikapu cha migebuka mikavu, debe la mawese, na godoro lake, kwa sababu alisikia Tabora watu wanalala vibaya. Treni ilikuwa imerudi kufanya kazi. Alikuwa hajapanda treni maisha yake yote, na alidai dirisha. Abiria mmoja alilalamikia harufu ya samaki. Bibi akamhurumia sana, akampa mmoja.

Tangu Kigoma hakuwa amenyamaza. Baada ya Uvinza akanyamaza. Alikuwa anatazama nje, msitu unapita, mto Malagarasi unapita, msitu tena, saa baada ya saa. Nilimletea chai, ikapoa mkononi mwake. Kwa muda mrefu alisema neno moja tu, na hakulisema kwangu.

"Ni mbali kwa miguu," alisema.

Kaliua tulipofika aliniuliza kama hapo ndipo Tabora. Nikasema bado. Akajifunika khanga kichwani mpaka tulipofika.

Mtendeni

Tuliingia nyumbani siku ya thelathini na nane. Hamisi alipomwona Bibi akishuka kwenye mkokoteni na godoro lake, alisema shikamoo na kwenda kumalizia kabati. Bibi aliingia moja kwa moja chumbani kwa mzazi. Salama akamwamkia, akampa maji ya kunywa, kisha akampa mtoto. Nilikaa kwenye kona. Nilikuwa nimesafiri wiki nzima na ushei kwa ajili ya maneno yao haya, na sikutaka kupitwa.

Bibi alimshika mtoto muda mrefu, akahesabu vidole. Salama ndiye aliyeanza.

"Bibi, mimi sina ugomvi na mama yako. Lakini siwezi kumwita mwanangu mtumwa kila nikitaka aniletee maji."

Bibi hakujibu hilo. Akamwuliza, "Salama ndilo jina la kwenu?"

Salama akasema hapana. Mimi sikuwa najua. Nilimfahamu kwa Salama tangu anaolewa. Akasema wazazi wake ni Wakristo, Wamoraviani, na kwao aliitwa Milembe. Aliposilimu, sheikh alimwambia kwamba milembe kwa Kinyamwezi ni amani, na salama ni hiyo hiyo amani, kwa hiyo hapotezi kitu.

"Na ulipoteza?"

"Mwezi mzima nilikuwa nikiitwa sigeuki," Salama alisema. "Hamisi alifikiri nina ugonjwa wa masikio."

Hamisi, ambaye kumbe alikuwa nyuma ya mlango, akasema ni kweli, alikuwa akimtia mafuta ya uvuguvugu. Bibi akamwambia akamalizie kabati.

Kisha akamsimulia Salama habari za mama yake, zile alizonisimulia mimi, za ng'ambo ya ziwa na homa na majina yaliyokataliwa. Salama alisikiliza bila kupepesa. Ilipofika kwenye lile neno kwamba jina lake analo mama yake, aliinama akajifanya anatengeneza nguo za mtoto, ambazo zilikuwa zimekaa sawa.

"Aliyekupa lako yupo?" Bibi akauliza.

"Yupo. Mama yangu yupo Sikonge."

"Basi mpe huyu hilo lako. Mama yangu angekuwa analijua la kwake, mimi leo ningekuletea hilo."

Salama akaanza kulia, akalia kama mtu aliyechelewa. Mtoto naye akaamka akalia, na Bibi akawaacha wote wawili.

Mnajua wengi wenu yaliyofuata, kwa kuwa mlikula. Sheikh aliitwa siku ya thelathini na tisa. Hamisi alimwuliza kama Milembe ni halali. Akasema jina lenye maana njema ni jina jema, si lazima liwe la Kiarabu. Hamisi akamweleza maana yake. Sheikh akasema anaijua, ndiye aliyeitafsiri. Salama, kutoka ndani, akamwuliza kwa heshima kwa nini basi yeye alimbadilisha. Sheikh akasema hakuambiwa kwamba mwenyewe analipenda, na kwamba ilimpasa kuuliza. Mbuzi, ambaye alikuwa ameshatuzoea na kuja akiitwa, alichinjwa na mtu wa mtaa wa pili.

Baada ya mtoto kupewa jina, Bibi alimwomba sheikh asome dua kwa ajili ya mama yake. Sheikh akataka jina la marehemu.

"Mtumwa," Bibi akasema, kwa sauti ya kusikika uani kote.

Watu waliinua macho. Balozi wa nyumba kumi alikuwepo, na sahani yake. Sheikh akauliza tena, kama ilivyo kawaida ya dua, Mtumwa binti nani, yaani jina la mama yake. Hakuna mtu katika uani ule, wala katika dunia nzima, aliyekuwa anajua. Nilimwona Bibi akiangalia chini kwenye mkeka kama aliyeulizwa jambo la aibu.

Sheikh akasema kwa utaratibu, kama anayetoa maelezo tu, kwamba mtu ambaye mama yake hajulikani husomewa binti Hawa, kwa kuwa huyo ndiye mama wa wote. Akainua mikono. Akamwombea Mtumwa binti Hawa msamaha na rehema na nafasi pana kaburini, na watu wote wakaitikia amina, na balozi akaweka sahani chini akaitikia naye.

Baadaye, watu wanakunywa chai, mwanamke mmoja aliyechelewa alikuja chumbani kumwona mtoto. Akauliza ile dua ndefu ilikuwa ya nani. Mimi na Bibi tulikuwepo, lakini Salama alituwahi.

"Ya bibi yake mtoto," alisema. "Anaitwa Mtumwa binti Hawa, wa Ujiji."

Alilisema kama unavyolitaja jina la jirani. Bibi, ambaye masikio yake hayana kasoro yoyote, akamwambia hakusikia vizuri, hebu aseme tena. Salama akasema tena.